Mitandao ya Kijamii na Soko la Mfanyabiashara Mdogo

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa halmashauri na walimu wa masomo ya biashara.)



Swali lililowekwa mbele ya mkutano huu ni fupi: je, mfanyabiashara mdogo anafaidika kwa kutangaza bidhaa zake katika mitandao ya kijamii, au anapoteza muda na fedha zake bure?

Swali hili si la wafanyabiashara peke yao. Linawahusu watumishi wa halmashauri kwa sababu wao ndio wanaopokea maombi ya mikopo ya vikundi. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili hiyo: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa Julai 2024. Tangu hapo maandiko ya miradi yamerudi mezani, na si ajabu kukuta andiko lenye kurasa nane juu ya mashine, malighafi na mgawanyo wa madaraka katika kikundi, ilhali sehemu ya soko ina sentensi moja tu: kwamba bidhaa zitauzwa kwa njia ya mitandao. Sentensi hiyo haielezwi wala haihesabiwi, na aghalabu hupita bila kuulizwa. Fedha inayotolewa ni ushuru wa wananchi, na kikundi kisiporejesha, kikundi kinachofuata katika foleni hukosa.

Walimu nao wanahusika. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeipa Elimu ya Biashara nafasi kubwa zaidi katika shule za sekondari. Mwanafunzi wa leo ameizoea simu kuliko kitabu cha hesabu, na akiambiwa ataje njia ya kutafuta wateja, atataja Instagram, TikTok na WhatsApp kabla hajavuta pumzi. Hapana budi mwalimu awe na la kumwambia zaidi ya kumpa alama.

Yafaa kuanza na haki ya jambo lenyewe, maana wako watu wazima wanaoidharau mitandao kwa sababu tu waliikuta ukubwani. Kabla ya simu hizi, mfumaji wa vikapu wa Iringa aliyetaka kujulikana Dar es Salaam alikuwa na njia chache mno. Tangazo la redio au la gazeti lilikuwa na bei yake, na bei hiyo ilipangwa kwa ajili ya viwanda na mashirika, si kwa ajili ya mama mwenye vikapu kumi na viwili. Alimtegemea mchuuzi aliyefika na lori, akanunua kwa bei aliyoitaka yeye mchuuzi, akaenda kuuza kwa bei ambayo mfumaji hakuijua kamwe. Leo picha ya kikapu hufika mjini kabla ya kikapu chenyewe, na mfumaji anaweza kuona kwa macho yake kwamba kikapu alichokiuza juzi kinauzwa mjini mara tatu ya bei aliyolipwa. Hata kama hatauza kimoja kwa njia hiyo, kujua bei ya mjini ni nguvu mkononi mwake siku mchuuzi atakaporudi. Faida hii haitajwi sana, nayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Lakini picha haiuzi peke yake. Mtazameni mnunuzi wa Mwanza aliyeona batiki ya fundi wa Morogoro. Ameipenda rangi. Anauliza bei, anaambiwa. Sasa inambidi atume fedha kwa mtu asiyemjua, kwa namba ya simu tu, katika nchi ambayo maneno “ile hela tuma kwa namba hii” yamekuwa jina la utapeli linalojulikana hata kwa watoto. Huduma ya M-Pesa iliyoingia Tanzania mwaka 2008, pamoja na nyingine zilizofuata, imeifanya safari ya fedha kuwa ya dakika moja. Haikuifanya safari ya imani kuwa fupi. Mnunuzi akishatuma, fundi lazima aifunge batiki, aipeleke kituo cha mabasi, alipe usafirishaji, apewe risiti ya mzigo, aipige picha risiti hiyo na kumpelekea mnunuzi pamoja na namba ya basi. Basi hufika usiku au alfajiri. Mnunuzi huamka, hupanda bodaboda, huulizia mzigo katika ofisi ya kampuni ya mabasi, huonyesha jina, hufungua mfuko. Hapo tu ndipo anapojua kama rangi aliyoiona katika kioo cha simu ndiyo iliyo katika kitambaa.

Kila pingu ya mnyororo huo ni mahali ambapo biashara hufa. Fundi akichelewa siku mbili kwenda kituoni, amempoteza mnunuzi. Kitambaa kikiwa cha rangi iliyofifia, amempoteza mnunuzi na dada zake. Wala mtandao hauna la kufanya katika yote hayo. Kazi yake iliisha pale picha ilipoonekana. Yaliyobaki ni kazi ile ile ya mfanyabiashara wa zamani: kusema kweli, kupima sawa, kufika kwa wakati.

Wenyeji wa pwani wanalo kumbukumbu zuri la jambo hili. Kanga zilizovuma kuanzia Mombasa zilibeba alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, yaani mali ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Alama hiyo iliandikwa katika kitambaa chenyewe. Mwanamke aliyevaa kanga yake kisimani au harusini aliitembeza alama bila kulipwa senti, na aliyeipenda alijua jina la kuulizia dukani. Lakini alama ingekuwa ya aibu, si ya sifa, kama rangi ingetoka katika dobi la kwanza. Tangazo lilitembea juu ya mgongo wa bidhaa. Katika mitandao mambo yamegeuzwa: tangazo linatembea kwanza, bidhaa inafuata nyuma kwa basi la usiku, na mara nyingine haifuati kabisa.

Hapa pana tabia moja inayostahili kusemwa waziwazi. Wauzaji wengi hutoa picha nzuri, husifu bidhaa kwa maneno matamu, kisha mtu akiuliza bei hadharani hujibiwa aje faragha. Wenyewe wana sababu zao: wengine wanaogopa washindani, wengine wanataka kupima uzito wa mfuko wa mteja kabla ya kutaja namba. Sababu hiyo ya pili ndiyo inayomkimbiza mnunuzi. Mtumishi mwenye mshahara unaojulikana, aliyebakiwa na shilingi zake za mwisho wa mwezi, hataki mazungumzo ya faragha. Anataka kujua kama anaweza au hawezi. Sokoni Kariakoo muuzaji akikataa kutaja bei, mteja husogea meza ya pili. Katika simu meza ya pili iko karibu zaidi, ni kidole tu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mabishano mengi juu ya mitandao hufanywa bila karatasi. Uchukuliwe mfano wa fundi yule yule wa batiki, kwa tarakimu za kubuni lakini zisizo mbali na maisha. Batiki moja anaiuza shilingi 25,000. Kitambaa, rangi, nta, kuni na usafiri wake ni shilingi 17,000. Faida yake ni shilingi 8,000. Mwezi huu amelipia tangazo la shilingi 40,000 na vifurushi vya intaneti vya shilingi 15,000, jumla shilingi 55,000. Ili arudishe fedha hiyo tu, bila hata kulipwa jasho lake, inambidi auze batiki saba ambazo asingeziuza vinginevyo. Tangazo limetoka, watu elfu kadhaa wameliona, mamia wameweka alama ya kupenda, sitini wameuliza bei, watano wamenunua. Amepata shilingi 40,000 na kutumia 55,000. Amepoteza shilingi 15,000, ilhali simu yake imelia mchana kutwa na moyo wake unamwambia kwamba biashara imechangamka.

Basi tangazo lilikuwa hasara? Jibu linategemea jambo ambalo halionekani katika simu. Ikiwa fundi aliandika majina na namba za wale watano, akawapigia baada ya wiki mbili kuuliza kama kitambaa kilihimili dobi, na watatu kati yao wakanunua tena mara mbili katika mwaka, hizo ni batiki sita bila gharama ya tangazo, faida ya shilingi 48,000. Hasara ya 15,000 imekuwa ziada ya 33,000, bila kuwahesabu majirani walioletwa na hao watatu. Ikiwa hakuandika kitu, mwezi ujao atalipa tena shilingi 40,000 kuwatafuta wageni wengine watano, na mwezi wa tatu vivyo hivyo, mpaka mkopo uishe. Mafundi wawili, tangazo moja, bei moja; mmoja anajenga na mwingine anabomoa, na tofauti yao ni daftari la shilingi elfu moja.

Daftari hilo lina umuhimu wa pili, nao ni wa umiliki. Mfanyabiashara mwenye wafuasi 10,000 hujiona ana wateja 10,000. La hasha. Hao ni watu walio katika uwanja wa mtu mwingine, na mwenye uwanja ndiye anayeamua nani asikie nini. Mwaka 2012 kampuni ya Facebook yenyewe ilieleza kwamba, kwa wastani, taarifa inayowekwa katika ukurasa wa biashara iliwafikia kiasi cha asilimia 16 ya wafuasi wa ukurasa huo. Januari 2018 mkuu wa kampuni hiyo, Mark Zuckerberg, alitangaza kwamba taarifa za ndugu na marafiki zingepewa nafasi mbele ya zile za kurasa za biashara na za vyombo vya habari. Anayetaka kusikika zaidi hana budi kulipa. Wala si siri: kampuni hiyo, iliyojipa jina la Meta mwaka 2021 na inayomiliki pia Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya takriban dola bilioni 135 mwaka 2023, na zaidi ya asilimia 95 ya mapato hayo yalikuwa ya matangazo. Biashara yao ni kuuza nafasi ya kuonekana. Hakuna dhambi katika hilo, ila mwenye kibanda ajue kwamba yeye ni mpangaji, na kodi ya pango hupanda bila barua.

(Kwa kuwa wamo maafisa mipango katika ukumbi huu, ikumbukwe pia kwamba kila shilingi ya tangazo la namna hiyo huvuka mpaka. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 juu ya malipo yanayokwenda kwa watoa huduma za kielektroniki walio nje ya nchi. Asilimia 98 iliyobaki haipiti katika hesabu za halmashauri yoyote.)

Mpangaji anaweza pia kukuta mlango umefungwa. Tarehe 4 Oktoba, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi kutokana na hitilafu ya mitambo ya kampuni yenyewe. Mwisho wa Juni 2020 Serikali ya India ilipiga marufuku TikTok pamoja na programu nyingine 58 za Kichina. Watumiaji waliokadiriwa kufikia milioni 200, wakiwamo wachuuzi na mafundi wa vijijini waliojijengea jina humo, walipoteza uwanja huo ghafla. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021. Na hapa Tanzania, tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, huduma ya intaneti ilikatika na kukaa siku kadhaa. Sababu za kila tukio ni mbalimbali na zina mahali pake pa kujadiliwa. Kwa mwenye duka matokeo ni mamoja: asiyekuwa na namba za wateja wake mahali pengine hakuwa na wateja siku hizo. Aliyekuwa nazo katika daftari, pale simu ya kawaida iliposhika, aliweza kupiga na kuuliza kama mzigo umefika.

Juu ya watu mashuhuri wanaolipwa kusifu bidhaa, maneno machache yanatosha. Mtu mwenye wafuasi milioni moja nchi nzima humsaidia mwenye bidhaa inayopatikana nchi nzima. Mwenye saluni moja ya Dodoma akimlipa, amelipia macho ya watu wa Kigoma na Mtwara ambao hawatakuja kusuka nywele Dodoma. Na wale wanaonunua wafuasi wa bandia ili ukurasa uonekane umejaa wanafanana na mwenye duka anayepanga maboksi matupu rafuni: anawadanganya wapita njia kwa siku mbili, na kujidanganya mwenyewe kwa mwaka mzima.

Sheria nayo ipo, ingawa wengi hudhani kwamba simu ni pori lisilo na mwenyewe. Sheria ya Ushindani wa mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, iwe kwa ubao barabarani au kwa picha ya simu. Usimamizi wa vyakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, na kipodozi kisichosajiliwa hakigeuki halali kwa kuwa kimesifiwa na msichana mzuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa picha za watu. Hapa walimu wasikilize kwa makini. Imekuwa desturi kwa baadhi ya shule, na kwa baadhi ya wauza sare na wauza vitabu, kuonyesha sura za wanafunzi ili kuvuta wateja. Mtoto hakuombwa, mzazi hakuandikiwa, na picha ikishatoka hairudi. Mwalimu mwenye biashara yake ya pembeni, jambo ambalo si aibu kwa mtu mwenye familia, aifanye kwa bidhaa zake na kwa saa zake. Darasa si rafu ya duka.

Ziko biashara ambazo mitandao haina msaada mkubwa kwake. Mama mwenye genge la mboga anawauzia watu wanaopita mbele yake kila jioni. Wateja wake wote wako umbali wa hatua mia tatu. Kinachomwongezea mauzo ni mchicha mbichi, chenji iliyo tayari, na taa inayowaka saa moja usiku. Akiwa na kundi la majirani katika WhatsApp akawaambia kwamba leo kuna bamia, ni vyema, na gharama yake ni ndogo. Kumkopesha fedha za kulipia matangazo ni kumtwika mzigo wa wengine. Kinyume chake, mwenye asali ya Tabora, fundi wa viatu vya ngozi, mchongaji, mshonaji wa nguo za harusi, hawa wana bidhaa inayoeleweka kwa picha, inayosafiri bila kuharibika, na wanunuzi waliotawanyika. Kwao mitandao ni njia ya haki, na yafaa waanze na vilivyo bure. Programu ya WhatsApp kwa ajili ya biashara imekuwapo tangu Januari 2018. Ina mahali pa kupanga picha za bidhaa na bei zake, na haidai ada. Kikundi ambacho kwa miezi mitatu hakijaweza kuziweka picha zake na bei zake humo, na kuwajibu wanaouliza siku ile ile, hakitaweza kutumia tangazo la kulipia pia.

Kwa hiyo afisa wa mikopo akikutana na ile sentensi moja katika andiko la mradi, asiikate kwa kalamu nyekundu, wala asiipitishe. Awaite wanakikundi, aulize ni nani kati yao atakayeshika simu na kuwajibu wateja, na kama kazi hiyo imehesabiwa kuwa kazi. Aulize bidhaa itafikaje Mwanza na nani atalipa ikivunjika njiani. Aombe kuona majina ya watu kumi waliokwisha kununua kutoka kwao, hata kama walinunua mlangoni. Kikundi chenye majina kumi na hesabu ya faida kwa kila bidhaa kinaweza kukabidhiwa sehemu ndogo ya mkopo kwa ajili ya kujitangaza, na sehemu nyingine ikafuata baada ya matokeo kuonekana. Kikundi kisichokuwa na jina hata moja hakijakosa mtandao. Kimekosa mnunuzi, na hilo litibiwe kwanza katika bidhaa au katika bei.

Na mwalimu wa Elimu ya Biashara anaweza kulitazama jambo hili bila intaneti wala kompyuta. Siku ya gulio awatume wanafunzi wawili wawili, kila jozi na karatasi moja, wakaulize wauzaji kumi swali moja tu: mteja wako wa mwisho alikufahamu kwa njia gani? Wako watakaosema alipita tu, wako watakaosema aliletwa na shemeji yake, wako watakaosema aliona picha katika simu. Wanafunzi warudi nayo darasani kesho yake, majibu yaandikwe ubaoni kwa mafungu, na kila fungu liwekewe kando yake gharama aliyoilipa muuzaji kumpata mteja huyo.